Stempu na bahasha za mawe, volkano na visukuku: niliyoyapitia nikiwa Pemba

Mie nasomesha jografia kwenye skuli moja ya sekondari kaskazini ya Pemba na haya mambo ya stempu yalinianzia kazini. Ukimsomesha mtoto wa Micheweni habari ya volkano unapata tabu kweli, manake jiwe analolijua yeye tokea kuzaliwa ni hili la matumbawe, la kuchongea matofali na kuvunjia kokoto na kuchomea chokaa, lava hajaiona hata kipande, na kwenye kitabu picha imefifia mpaka hujui ule ni moshi au mti. Natafuta picha kwenye simu nkakutana na stempu ya Iceland ya 1948, mlima Hekla unatema moto. Ule mlima ulikuwa umelala tokea 1845, miaka mia na zaidi, Machi 1947 ukaamka, na posta ya kwao ikautolea stempu. Nkaona bei yake, ni ndogo kuliko kitabu. Nkasema basi hii naagiza, watoto waishike mkononi.

Sasa nawaandikia nyie mnaotaka kuanza, hasa mlioko visiwani, kwa sababu maelezo mengi utakayoyakuta yameandikwa na watu wa nchi za baridi na kavu, hayatufai sana huku kwetu.

Pesa za mwanzo za watu wengi huwa zinapotelea kwenye mchanganyiko. Kuna wauzaji wanauza stempu kwa uzito au kwa mafungu, wanakuandikia "jiolojia na dainosaria, stempu mia mbili", unafurahi, unalipa, pamoja na usafirishaji inafika laki na ushei, ukifungua unakuta mna ndege, mna wafalme, mna mipira, na zilizobaki ni zile zilizopigwa miaka ya mwanzo ya 1970 kwa majina ya vijiemireti vya Ghuba kama Ajman na Umm al Qiwain, rangi nzuri sana lakini hazijawahi kubandikwa kwenye barua ya mtu. Kuzijua ni rahisi, igeuze nyuma. Ikiwa ina muhuri mbele, tena umekaa pembeni safi kama umepimwa, na gundi nyuma iko kamili haijaguswa na maji, hiyo imepigwa muhuri kiwandani ili iuzwe kwa wakusanyaji. Si haramu, watoto wanazipenda, ila usizilipie bei ya stempu iliyosafiri.

Dawa yake ni kuchagua mada, na mada iwe nyembamba. Ukisema unakusanya volkano za dunia nzima hutomaliza na mshahara utakwisha, Ufilipino peke yake au Japani peke yake inakutosha umri mzima. Mie nimejifunga na ardhi ya Afrika Mashariki na Bahari ya Hindi, na sharti nililojiwekea ni moja, stempu isiyokuwa na jambo la ardhi ninaloweza kulieleza mbele ya darasa siinunui hata ikiwa rahisi vipi. Hilo sharti limeniokolea pesa kuliko kitu chochote.

Na usidhani kwetu hakuna. Stempu za Zanzibar yenyewe ni kweli zilikuwa za karafuu na majahazi na masultani, mawe hukuti. Lakini chukua toleo la Tanzania la 1965, lile lililoandikwa Tanzania, Uganda na Kenya pamoja, ya senti 65 ina Kilimanjaro na ya shilingi 1 na senti 30 ina fuvu la Zinjanthropus, yule kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, na machimbo ya Olduvai. Fuvu lile alilipata mtafiti Mary Leakey Julai 1959, na umri wake wanasayansi waliupata kwa kupima majivu ya volkano yaliyokuwemo kwenye tabaka lile lile, ikatoka kama miaka milioni 1.75. Yaani kistempu kimoja cha bei ya andazi kinakupa mambo matatu ya silabasi kwa mpigo, mabonde ya ufa, matabaka, na jinsi ya kupima umri wa mwamba. Halafu toleo la Kenya la 1977, stempu 15 zote madini, kuanzia jasi na magadi ya Ziwa Magadi mpaka rubi na ile garneti ya kijani ya kule Tsavo, hili ndo namwambia kila mtu aanze nalo. Si ghali, linapatikana, zilitumika sana kwenye barua za kila siku kwaio unapata zilizosafiri kweli, na picha zake ni za jiwe lenyewe, hazina mapambo mengi. Tanganyika ya 1961, ile ya shilingi 10, ina almasi. Na Tanzania miaka ya 1980 ikatoa za vito.

Ila niliyoipenda mie kupita zote imetoka mbali, imetoka Ujerumani Mashariki. Aprili 1990, miezi michache kabla ile nchi haijafutika, posta yao ilitoa stempu tano za mifupa ya dainosaria iliyomo makumbusho ya Berlin. Brachiosaurus, Kentrosaurus, Dicraeosaurus, Dysalotosaurus, na ya tano kichwa cha Brachiosaurus. Nilikuwa nshazinunua kwa ajili ya picha tu, baadae nkaanza kusoma nyuma yake. Jamani, ile mifupa ni ya Tendaguru, Lindi! Imechimbwa baina ya 1909 na 1913, zaidi ya tani 200 zimetoka pale, na hakukuwa na reli wala gari, ilibebwa vichwani na mabegani na watu wetu mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, huko ndo ikapakiwa meli. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Mswahili akiitwa Boheti bin Amrani, na 2007 dainosaria mmoja wa pale amepewa jina lake, Australodocus bohetii. Mifupa iliyosimamishwa Berlin inapita mita 13 kwenda juu. Niliposoma yale nlikaa na ile albamu usiku mpaka mke wangu akaniuliza kuna nini, manake nlikuwa nimeshikwa na hasira na fahari kwa pamoja, sijui hata nieleze vipi. Siku hizi nkilifundisha lile somo naanza na jina la Boheti, stempu naipitisha baadae.

Kingine kinachotugusa ni Krakatau. Agosti 1883 ilipolipuka kule Indonesia yale mawe mepesi yenye vitundu vitundu yalielea baharini, na mwaka uliofuata, 1884, yakafika mpaka fukwe za Zanzibar. Indonesia ilitoa stempu 1983 za kutimia miaka mia. Nimeweka ukurasa mmoja, stempu iko juu na chini yake maelezo ya mkondo wa bahari unaokuja huku, maana mtoto wa Pemba ukimwambia mkondo wa bahari anakuelewa hapo hapo, baba yake ni mvuvi.

Sasa tuje kwenye unyevu, hapa naomba msome taratibu.

Unyevu ndo adui. Sio mwizi, sio mchwa. Masika ikiingia, Machi mpaka Mei, karatasi huku kwetu inakuwa kama imepumuliwa, na stempu mpya isiyotumika gundi yake inavuta maji hewani, inajikunja, halafu inaganda kwenye ukurasa, ukiivuta inachanika. Seti yangu ya kwanza ya madini ya Kenya, ile safi isiyotumika, iliganda yote masika moja tu, na baadae yakatoka madoa ya rangi ya kutu kwenye meno yake, yale madoa ni ukungu na hayatoki, na yakianza kwenye moja yanahamia kwa jirani yake. Niliumia, siwafichi, manake mshahara wa mwalimu mnaujua. Kwaio fanyeni hivi. Kwanza, kwa mazingira yetu kusanyeni zilizotumika, hazina gundi, hazigandi, tena bei yake nusu au chini ya hapo. Wakusanyaji wakubwa wa Ulaya watakwambia isiyoguswa ndo yenye thamani, waache, hawaishi kwenye hewa hii. Pili, albamu isimame wima kama kitabu kwenye kabati, usiilaze na kuirundikia mizigo juu, na zisibanane. Tatu, vile vipakiti vya kunyonya maji vinavyokuja ndani ya viatu vipya na mabegi usivitupe, omba dukani watakupa bure, weka kwenye bweta la plastiki lenye mfuniko unaoshika pamoja na albamu, na vibadilishe, vikishashiba maji havifanyi kazi tena. Nne, kila baada ya wiki fungua, peperusha kurasa sehemu kavu yenye kivuli, jua lisizipige, jua linaua rangi.

Na sie wa Pemba tuna tabia ya kutia karafuu kabatini kuzuia wadudu. Kwenye nguo sawa. Kwenye stempu usithubutu, karafuu ina mafuta na yale mafuta yanapanda kwenye karatasi. Msimu wa karafuu ukianikia uwani funga chumba chenye albamu. Vidonge vya nondo navyo weka mbali, vinaharibu plastiki. Mende ndo wa kuangaliwa, wanakula gundi.

Plastiki nazo si zote. Zile bahasha laini za plastiki zenye harufu kali zinazouzwa stationari zinatoa kemikali baada ya miaka na stempu inanata nazo, rangi inahama. Tafuta zile ngumu kidogo zisizo na harufu, na ukikosa kabisa karatasi nyeupe safi ni bora kuliko plastiki mbaya.

Kubandua stempu kwenye kipande cha bahasha ni hivi, kata karatasi kuzunguka, usiukaribie ukingo wa stempu, weka kwenye maji ya kawaida yasiyo moto, acha mpaka iachie yenyewe, usiivute kwa kucha. Kama kipande kina karatasi ya rangi, nyekundu hasa, weka bakuli lake peke yake, itazipaka wenzake rangi. Laza kifudifudi juu ya karatasi safi ikauke halafu ibane ndani ya kitabu kizito. Tumia kibano, vidole vina mafuta. Stempu za siku hizi za kujinata zenyewe kama za Marekani nyingi hazitoki kwa maji, ziache na kipande chake.

Lakini kabla hujatia maji chochote jiulize kwanza kama bahasha nzima si bora kuliko stempu, na hapo ndo nimebadilika mie. Miaka ya mwanzo bahasha nilikuwa naziona kama makaratasi. Stempu inakwambia posta iliamua kuchora nini, bahasha inakwambia siku ile pale pahala palitokea nini. Mfano ninaoupenda, japo uko nje ya mada yangu, ni Praha, Agosti 1968. Mkutano wa dunia wa wanajiolojia, wa 23, ulikuwa unafanyika kule, posta ya Czechoslovakia ikautolea stempu zenye mawe na visukuku, mna trilobaiti ndani yake, yule mdudu wa bahari wa kale aliyebaki kwenye mawe tu, na usiku wa tarehe 20 kuamkia 21 vifaru vya nchi za Mkataba wa Warsaw vikaingia mji. Mkutano ukakatika, wanajiolojia wakatawanyika kila mtu anatafuta njia ya kwao. Sasa pata bahasha yenye stempu ile na muhuri wa siku zile zile. Ile stempu peke yake ni bei ya soda, bahasha yenye tarehe ile unalipa zaidi na unalipa kwa haki. Nimeipata moja, muhuri umefifia lakini tarehe inasomeka chini ya kioo cha kukuzia, na siibadilishi na kitu.

Kwaio ukipata bahasha usikate, usiandike juu yake kwa peni, usinyooshe kwa pasi. Maelezo yako andika kwenye karatasi nyengine kwa penseli. Bahasha ya siku ya kwanza, yaani iliyogongwa muhuri siku stempu ilipotolewa, yenye picha na muhuri maalumu, ni nzuri kwa kuonyesha, ila nyingi hazijasafiri, zimetengenezwa kwa ajili ya kuuzwa, kwaio usikubali kuambiwa adimu.

Gharama. Kinachoumiza ni usafirishaji. Utanunua stempu ya elfu tatu, usafirishaji elfu thelathini, na ukiagiza moja moja utafilisika. Kusanya orodha, mwambie muuzaji akuwekee, wengi wanakubali, halafu ulipe usafirishaji kwa mara moja. Mie nilisaidiwa na mjomba wangu aliyeko Maskati, vinafika kwake, akipatikana mtu anakuja nyumbani anapewa bahasha ngumu anaiweka kwenye begi la mkononi, na asilimia kubwa ya albamu yangu imepita njia hiyo. Nani kwetu hana jamaa Omani, waulizeni. Ukitumia posta tia namba ya rejesta, kuwa na sanduku lako la posta mwenyewe, na mwambie muuzaji aweke kadibodi ngumu ndani na aandike kwa uwazi thamani ya kweli. Kutoka Ulaya mpaka Pemba barua inapita mikono mingi, subira inatakiwa, zangu zimewahi kukaa miezi mpaka nshasamehe halafu ikaja. Na usisahau stempu za pale nje ya bahasha! Mwambie muuzaji abandike stempu za kweli za ardhi juu ya hiyo hiyo bahasha anayokutumia, usikubali ile karatasi ya malipo inayochapwa na mashine. Ikifika una bahasha iliyosafiri kwa jina lako, bure.

Tahadhari ya bandia. Dainosaria wanauza sana duniani, basi kuna watu wanachapisha vikaratasi vya dainosaria na madini kwa majina ya nchi za Afrika ambazo posta zao hazina habari. Umoja wa Posta Duniani huwa unatoa matangazo ya kuzikana, na tokea 2002 wana daftari la stempu halali ambalo unaweza kuliangalia kwenye mtandao bila malipo, japo si kila nchi inapeleka zake. Ukiona kikaratasi kipya cha nchi ya kwetu huku, thamani kubwa kubwa, kinauzwa Ulaya tu na hakuna hata kimoja kilichowahi kuonekana kwenye barua, kaa mbali. Katalogi, yaani kitabu cha orodha na bei za stempu, kama ya Stanley Gibbons au Michel ni ghali ikiwa mpya, tafuta ya zamani ya miaka kumi nyuma, bei zimebadilika lakini namba na tarehe ni zile zile.

Mwisho niwaombe jambo, na hili nalitaka kweli.

Disemba 1938 kule East London, Afrika Kusini, Marjorie Courtenay-Latimer wa makumbusho ya kule alikuta kwenye chombo cha wavuvi samaki aitwaye coelacanth, ambaye wataalamu walimjua kwenye mawe tu, wakiamini ametoweka pamoja na dainosaria. Profesa J.L.B. Smith akamtafuta wa pili miaka 14. 1952 Smith na mkewe wapo Zanzibar, wakakutana na nahodha Eric Hunt, aliyekuwa na jahazi lake la biashara baina ya hapa na Ngazija, yaani visiwa vya Komoro, wakampa karatasi za tangazo azipeleke kule, zawadi pauni 100. Disemba ya mwaka huo huo mvuvi mmoja wa Domoni, kisiwa cha Nzwani huko huko Komoro, akamvua, na aliyemtambua sokoni akamzuia asikatwe alikuwa mwalimu wa skuli, Affane Mohamed. Wenyewe walikuwa wakimjua siku zote, wanamwita gombesa, na hawakumthamini sana kwa kula. 1954 Ngazija ikatoa stempu yake, ya faranga 40. Na 2007 wavuvi wa Nungwi wakamvua mmoja hapa hapa Unguja.

Stempu hiyo ninayo. Bahasha yake sina. Na Zanzibar imejaa jamaa wa Kingazija, mitaa ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ambao mabibi na mababu zao walikuwa wakiandikiana barua na kwao miaka ile ya 1950. Kama nyumbani kwenu kuna sanduku la makaratasi ya zamani, kabla hamjalichoma wala kulitupa tazameni bahasha moja moja. Mkiona samaki mnene mwenye mapezi kama miguu, msibandue, msikate, msioshe, ipigeni picha mbele na nyuma muhuri uonekane, muiweke pakavu. Sitaki kuinunua ikiwa hamuuzi, nataka niione tarehe yake na imeandikwa kwa nani.